Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ngoma, Sanaa na Shughuli za Utamaduni Bagamoyo

Kila mwaka tamasha linapokaribia, simu za wasanii wa Bagamoyo huanza kuita mapema asubuhi, na maswali huwa yale yale: linaanza lini, tunaweza kuleta kikundi chetu, mtoto anaweza kujifunza, picha zinaruhusiwa? Mimi ni mpiga ngoma, ninaishi hapa, na jioni ninafundisha watoto wa jirani. Majibu yafuatayo nimeyaandika kwa ajili ya ndugu zetu wa Dar es Salaam, Morogoro, Tanga, Dodoma na kwingineko wanaotaka kuja kutazama, kushiriki au kununua kazi za wasanii wa mji huu.

Kwa nini mji mdogo kama Bagamoyo una wasanii wengi kiasi hiki?

Sababu ni mbili, na ya kwanza ni ya zamani sana. Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na kupitia Tabora. Kila msimu wapagazi kwa maelfu, wengi wao Wanyamwezi, walishuka pwani wakiwa wamebeba pembe za ndovu, wakakaa hapa kwa majuma mengi wakisubiri mzigo wa kurudi nao bara. Walishushwa pia watu ambao hawakuja kwa hiari yao na ambao hawakurudi. Wenyeji, yaani Wazaramo, Wakwere, Wadoe na Waswahili wa mjini, walikuwa na ngoma zao, na waliotoka bara wakaja na za kwao, hata mji ukawa na desturi ya kusikiliza ngoma za watu wengine tangu enzi hizo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa hapa ambaye baadaye alifundisha Kiswahili mjini Berlin, aliandika kwa kirefu desturi za watu wa pwani, na maandishi yake yalichapwa Ujerumani mwaka 1903. Humo zimo ngoma, harusi, jando na unyago, na msomaji wa Bagamoyo wa leo atayatambua mengi bila kuhitaji maelezo.

Sababu ya pili ni ya baada ya Uhuru. Mwaka 1962 Serikali ya Mwalimu Nyerere iliunda wizara iliyopewa dhamana ya utamaduni, na katika miaka hiyo ya 1960 kikaundwa Kikundi cha Taifa cha Ngoma, kilichokusanya wachezaji na wapigaji kutoka mikoa mbalimbali. Kikundi hicho kilipovunjwa, mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na baadhi ya wasanii wake wakawa walimu wa chuo. Tangu mwaka 2007 chuo hicho ni wakala wa Serikali, kwa jina la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na watu wengi huiita kwa kifupi TaSUBa.

Walimu walipohamia hapa walikuja na familia, wakanunua viwanja, wakajenga, na watoto wao wakakua wakisikia mazoezi kila jioni. Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliyeishi Bagamoyo na kufariki Desemba 2003 akiwa ameipeleka ilimba na zeze za Wagogo katika majukwaa ya nchi nyingi. Ilimba yake ilikuwa sanduku la mbao lenye vijiti vingi vya chuma, na katika tundu lake hubandikwa utando wa buibui ili sauti iwe na mvumo. Watoto, wapwa na wajukuu wa ukoo huo wanaendelea kuimba na kupiga hadi leo. Ndiyo maana Mgogo aliyezaliwa Bagamoyo, ambaye huenda hajawahi kulala Dodoma hata siku saba, anaweza kupiga zeze na kumfanya mzee wa Dodoma alie.

Tamasha la Bagamoyo hufanyika lini, na lina nini?

Tamasha la Kimataifa la Sanaa na Utamaduni Bagamoyo lilianza mwaka 1982, mwaka mmoja tu baada ya chuo kufunguliwa, na mwanzoni lilikuwa nafasi ya wanafunzi na walimu kuonyesha kazi zao. Sasa hukusanya vikundi vya ngoma, sarakasi, maigizo, muziki na sanaa za ufundi kutoka mikoani na nje ya nchi kwa siku kadhaa mfululizo. Kwa miaka mingi limekuwa likifanyika kati ya mwisho wa Septemba na Novemba, lakini tarehe hubadilika, kwa hiyo usikate tiketi ya basi wala kuomba likizo kabla taasisi yenyewe haijatoa tangazo rasmi la mwaka husika. Nyumba za wageni mjini hujaa mapema wakati huo. Anayechelewa hulazimika kulala Dar es Salaam, na kwa kulala Dar es Salaam hukosa saa nzuri kuliko zote, ile ya usiku baada ya onyesho la mwisho, wakati wapigaji wa vikundi tofauti hukaa pamoja nje na kuanza kupigiana.

Ushauri wangu ni kwamba usije kwa ajili ya jukwaa kuu peke yake. Fika mchana, wakati vikundi vinafanya mazoezi na kupasha ngoma moto, maana hapo ndipo utakapoona kazi inavyofanywa, na msanii ana nafasi ya kuzungumza nawe.

Nisipoweza kuja wakati wa tamasha, nitakuta nini?

Utakuta mengi, na pengine mazuri zaidi, ila hayana ratiba iliyobandikwa ukutani. Wanafunzi wa taasisi hufanya mazoezi karibu kila siku ya masomo. Vikundi vya mitaani hufanya mazoezi jioni kwenye viwanja, nyuani na ufukweni, na ufukweni hutegemea maji: bahari ikiwa imekupwa, mchanga mgumu ulioachwa wazi ni mzuri kwa sarakasi, siku za bamvua maji yakijaa, hakuna pa kusimama. Wikiendi kuna harusi. Katika Mfungo Sita, mwezi wa kuzaliwa Mtume, kuna maulidi. Vilevile, kila siku ya kazi utawakuta mafundi wakiunda na kukarabati mashua na majahazi pwani, wakisukuma pamba iliyolowekwa mafuta katikati ya mbao kwa patasi na nyundo, kazi inayoitwa kukalafati. Sijui kwa nini wageni wengi huipita kazi hiyo wakikimbilia onyesho. Mimi naihesabu kuwa miongoni mwa sanaa kubwa za mji huu, kwa sababu fundi huunda chombo kwa jicho na mkono, na chombo hicho hukabidhiwa maisha ya watu.

Ngoma za wenyeji ni zipi, na zipi zimetoka mikoa mingine?

Swali hili ni muhimu, kwa kuwa mgeni anayekuja kutazama onyesho moja anaweza kuondoka akidhani kila alichokiona ni cha Bagamoyo. Katika onyesho la saa moja unaweza kuonyeshwa sindimba ya Wamakonde, bugobogobo ya Wasukuma inayochezwa kwa majembe, lizombe ya Wangoni, muheme ya akina mama wa Kigogo na msewe ya Pemba. Zote hufundishwa hapa, na huchezwa vizuri, lakini kila moja ina kwao. Mtangazaji mzuri hutaja kabila na mahali kabla ya ngoma kuanza. Asipotaja, uliza, na usione haya, kwa sababu msanii hufurahi kuulizwa.

Ngoma ya nyumbani ambayo huna budi kuijua ni mdundiko wa Wazaramo. Mdundiko haukai mahali pamoja: hutembea. Huanzia kwenye nyumba yenye shughuli, iwe harusi, jando au kumtoa mwali, ukapita mitaani huku watu wakijiunga, akina mama wakiwa wamefunga kanga viunoni, watoto wakikimbia mbele, na wapigaji wakiwa katikati na ngoma zimening'inia mabegani. Mtu aliyezoea jukwaa huuliza wapi wasimame watazamaji. Katika mdundiko hakuna mtazamaji: ukiufuata umo ndani.

Ngoma zenyewe zina majina na kazi. Chapuo ni ndogo, sauti yake kali, na ndiyo inayokwenda mbio. Vumi ni nene, hutoa mvumo wa chini unaobeba zote. Msondo ni mrefu, na mpigaji huuweka kati ya miguu. Zumari ikiwapo, husikika kabla hujaona mtu.

Ukipata nafasi, mwombe mpigaji akuonyeshe namna ya kuwamba ngoma. Ngozi, ya ng'ombe au ya mbuzi, hulowekwa mpaka ilainike kama kitambaa kilicholowa. Watu wawili huivuta juu ya mdomo wa mzinga, mmoja akishika huku na mwingine kule, kisha hupigiliwa vigingi vidogo vya mti vinavyoitwa mambo, kigingi kimoja upande huu na cha pili upande unaokikabili, ili ngozi isivute upande mmoja. Hapo ndipo utakapoielewa vizuri methali ya kwamba kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Halafu huachwa juani, manyoya yakanyolewa, na hata ikikauka haijawa tayari: kabla ya kupigwa hupashwa kwenye moto wa makumbi au makuti. Mpigaji huigonga kwa vidole, huisikiliza, huirudisha motoni na kuigonga tena. Ngoma baridi hutoa sauti kama gunia. Ikipata moto sawasawa hulia. Mtu akipitiliza, ngozi hupasuka, na kazi ya siku kadhaa huishia hapo.

Je, naweza kuhudhuria unyago, au kumpiga picha mwali?

Mafunzo ya ndani ya unyago si onyesho, na hayana watazamaji. Ni jambo kati ya mwali, somo wake, yaani mama anayemfunda, makungwi na akina mama wa familia. Mwanamke anaweza kualikwa na wenye shughuli; mwanamume, hata akiwa mtafiti mwenye barua zenye mihuri, hana sababu ya kuwamo. Siku ya kumtoa mwali nje ni tofauti, kwa kuwa ni furaha ya mtaa mzima, na mgeni aliyepiga hodi vizuri hukaribishwa akala pilau na kucheza. Hata siku hiyo, picha ya mwali hupigwa kwa idhini ya wazazi wake na yeye mwenyewe, na haipelekwi mitandaoni. Tafadhali mlizingatie hilo. Ni msichana mdogo, na anaishi hapa baada ya wewe kuondoka.

Wachongaji wengine huuza sanamu ndogo ya mwanahiti, yenye kiwiliwili cha gogo na kichwa chenye nywele zilizogawanyika mara mbili juu. Kwa Wazaramo, Wakwere, Wadoe na majirani zao sanamu hiyo ilikabidhiwa mwali wakati akiwa amewekwa ndani. Unaweza kuinunua, iliyochongwa kwa ajili ya kuuzwa si ile ya familia. Lakini mtu akikunong'oneza kwamba anayo ya zamani, iliyotoka kwa bibi fulani, usiinunue.

Maulidi ya Bagamoyo yana uhusiano gani na sanaa?

Wenye maulidi watakwambia kwanza kwamba hiyo ni ibada, na ni kweli. Anayekuja aje kwa adabu hiyo. Pamoja na hilo, usomaji wa maulidi, kaswida na dhikri za Bagamoyo zimejengwa juu ya karne nzima ya ufundi wa sauti. Mtu aliyeipa Bagamoyo sifa hiyo ni Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kama Sheikh Ramiya, kiongozi wa Qadiriyya, tarika ya Kisufi, aliyefariki mwaka 1931. Aliletwa pwani akiwa mtoto, mtumwa aliyetoka Manyema, mashariki ya Kongo, akasoma, akawa mwanachuoni na shehe ambaye watu waliozaliwa huru, tena wenye nasaba, walikaa chini yake kujifunza. Kila ninapoyataja maisha yake kwa watoto ninaowafundisha, hunyamaza.

Mfungo Sita hufuata mwezi mwandamo, kwa hiyo kila mwaka hurudi nyuma kwa takriban siku 11 katika kalenda ya kawaida. Waulize wenyeji mwezi unapokaribia.

Je, ngoma hazigongani na dini?

Familia hutofautiana, na tofauti hiyo huheshimiwa. Kuna nyumba ambazo harusi yake husomwa maulidi kwa dufu na basi, nyingine huita kikundi cha ngoma au taarabu, na nyingine hufanya yote mawili, moja usiku na jingine mchana wake. Katika Ramadhani ngoma hunyamaza. Mdundiko unapokaribia msikiti wakati wa sala, au nyumba yenye msiba, wapigaji huacha kupiga mpaka wapite. Malalamiko makubwa ninayoyasikia kwa wazee siku hizi hayahusu ngoma za jadi. Yanahusu vigodoro vya usiku kucha vyenye spika kubwa na uchezaji usiofaa mbele ya watoto. Mimi nakubaliana nao, ila sikubali vigodoro vitumike kuwa sababu ya kuzikataza ngoma zote kwa pamoja.

Nikitaka kukodi kikundi kwa harusi au sherehe, nifanye nini, na bei ikoje?

Bei hutegemea idadi ya wasanii, saa watakazofanya kazi na umbali, kwa hiyo sitaandika takwimu hapa. Nitaandika utaratibu, kwa kuwa ugomvi mwingi hautokani na bei, hutokana na mambo ambayo hayakusemwa.

Zungumza na kiongozi wa kikundi ana kwa ana, au kwa simu ikiwa uko mbali, mkubaliane kwa maandishi hata kama ni ujumbe mfupi wa simu: watakuja wangapi, watacheza kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, nani analipa gari la kubeba ngoma, watakula wapi, watabadilishia nguo wapi. Toa advansi ya kutosha kwa sababu kikundi hununua vitu kabla ya siku yenyewe: ngozi hupasuka, njuga hupotea, nguo hushonwa. Kiasi kilichobaki lipa siku hiyo hiyo, kabla wasanii hawajapanda gari.

Nalisisitiza hili kwa sababu lilinifika. Mwaka mmoja tuliitwa watu 12 kwenye sherehe ya mtu mwenye uwezo, nje kidogo ya mji. Tulicheza tangu alasiri hadi saa tatu usiku, wageni wakafurahi, mwenye shughuli akatoa nusu ya tulichopatana na kusema nyingine tufuate kesho. Gari lililotuleta lilikuwa limeondoka. Tulirudi kwa miguu, msondo begani, na wawili kati yetu walikuwa wasichana wa miaka 17 ambao niliwaahidi wazazi wao kwamba watakuwa nyumbani kabla ya saa nne. Ile nusu ya pili haikulipwa hadi leo. Kilichoniuma zaidi ni kumwona mmoja wa wasichana wale akiacha ngoma mwezi uliofuata, kwa sababu baba yake hakutaka tena kusikia habari hizo.

Kutunza ni jambo jingine. Ukimtunza mchezaji au mwimbaji kwa kumpa noti wakati akicheza, hiyo ni tuzo yake ya papo hapo, na haihesabiwi kuwa sehemu ya malipo mliyopatana. Mtunze kwa mkono, kwa heshima. Kubandika noti mwilini mwa mchezaji wa kike ni utovu wa adabu.

Kikundi chetu kinatoka mkoa mwingine. Tunaweza kuja kufanya onyesho?

Karibuni. Kikundi kinachofanya kazi ya sanaa kinapaswa kusajiliwa na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, na onyesho la hadhara huhitaji kibali. Anzeni kwa afisa utamaduni wa halmashauri, kwani ndiye atakayewaelekeza hatua nyingine, ikiwa ni pamoja na kutoa taarifa polisi. Kisha, jambo ambalo halimo katika fomu yoyote, nendeni kwa mwenyekiti wa kitongoji mtakapofanyia onyesho, mpige hodi, mjitambulishe. Onyesho ambalo mwenyekiti analijua huwa na watu, na lisipokuwa na umeme yeye ndiye atakayejua nyumba ya kuombea waya. Wanaotaka kushiriki katika tamasha kuu wawasilishe maombi kwa taasisi miezi mingi kabla, maana ratiba hujaa.

Picha na video zinaruhusiwa?

Katika jukwaa la wazi, picha za kumbukumbu kwa kawaida hazina tatizo, ila fuata masharti ya mwandaaji. Mazoezini omba kwanza. Kurekodi kwa ajili ya biashara, tangazo au filamu ni habari nyingine: kunahitaji makubaliano na wasanii, na kwa filamu kuna kibali cha Bodi ya Filamu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda watunzi na waigizaji, na inagusa pia sanaa za jadi, hivyo hoja kwamba ngoma hii ni ya wote haimpi mtu ruhusa ya kuichukua, kuitia katika wimbo wake na kuwasahau waliompigia.

Ukichapisha, andika jina la kikundi, jina la ngoma na mahali inapotoka. Nimeona video ya vijana wetu ikitazamwa na watu wengi mno, chini yake pameandikwa neno moja tu, «Afrika». Vijana hao wana majina.

Mtoto wangu anapenda ngoma. Aanzie wapi?

Ikiwa bado yuko shuleni, aanze na kikundi cha karibu na nyumbani. Mwalimu mzuri humfundisha mtoto kupiga makofi na kuimba kabla hajampa ngoma ya kupiga, kwa sababu anayepiga bila kusikia wimbo hupiga kelele tu. Hakikisha mazoezi hayaingilii masomo, kuna mtu mzima wakati wote, na saa ya kurudi nyumbani inajulikana. Mzazi, njoo uyaone mazoezi bila kutoa taarifa. Mwalimu asiyependa kutembelewa, mwondoe mtoto wako kwake.

Aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuomba masomo ya taasisi katika ngazi ya astashahada na stashahada: ngoma, muziki, maigizo, sarakasi, uchoraji, uchongaji, ufundi wa jukwaa na mengineyo, na sifa za kujiunga hutangazwa kila mwaka. Zipo pia kozi fupi. Wazazi huniuliza kama kazi hii inalisha. Huwajibu kwamba inawalisha wanaojua zaidi ya jambo moja. Mchezaji anayeweza pia kushona mavazi, kufundisha shuleni au kuendesha taa za jukwaa halali njaa. Anayesubiri tamasha lije mara moja kwa mwaka atapata taabu.

Ninunue wapi kazi za mikono, nami nijue kwamba ninamnufaisha aliyeitengeneza?

Nunua karakana, mahali unapoona takataka za mbao chini. Katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo na barabara ya kuelekea Kaole wapo wachongaji na wachoraji wanaofanya kazi hadharani. Kinyago cha mpingo ni kizito, na rangi nyeusi imo ndani ya mti. Kikikwaruzwa kikaonyesha mbao nyeupe chini ya rangi, hicho kimepakwa kiwi. Picha za Tingatinga zilianza Dar es Salaam mwaka 1968 kwa mkono wa Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, na wachoraji wa mtindo huo wako hapa pia. Tafuta picha yenye jina la mchoraji. Milango ya kuchonga bado hutengenezwa kwa maagizo. Ukiagiza, fundi atakuuliza habari za miimo, kizingiti na mfaa wa katikati, na atataka muda, kwani mlango mmoja unaweza kuchukua majuma kadhaa. Usimharakishe.

Magofu na makumbusho nayo yamo?

Ndiyo, na siku moja haitoshi. Magofu ya Kaole, umbali wa kilomita chache kusini mwa mji, yana misikiti na makaburi ya Waswahili wa kale, na ya zamani kabisa yanakadiriwa kuwa ya karne ya 13. Misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868 ina makumbusho yenye picha na vitu vinavyohusu biashara ya watumwa, na hapo ndipo mwili wa David Livingstone ulipopokewa Februari 1874 baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka bara. Mwambie mwongozaji akusimulie habari za waliobeba.

Usafiri, hali ya hewa na mavazi?

Bagamoyo iko umbali wa takriban kilomita 70 kaskazini mwa Dar es Salaam. Mabasi madogo hutoka kituo cha Makumbusho, Dar es Salaam, na kupita Tegeta, Bunju na Mapinga. Ukifika, bodaboda na bajaji zipo. Masika ya Machi hadi Mei huvuruga maonyesho ya nje. Vaa nguo za heshima mitaani, na akina mama wabebe kanga ya ziada, kwa kuwa mdundiko ukipita utaihitaji.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo, ninataka kuwahoji wazee kuhusu ngoma za zamani. Nifuate utaratibu gani?

Beba barua ya chuo na uipeleke halmashauri, kisha mtafute mtu wa mtaa huo akupeleke. Usiende mchana wa jua kali wala karibu na magharibi. Anza na shikamoo, kaa chini unapokaribishwa, na usitoe simu ya kurekodia kabla ya kuomba. Mzee akisema leo hajisikii, rudi siku nyingine. Nenda na sukari au majani ya chai, kwani umemtoa kwenye shughuli zake. Wengine hawakumbuki nyimbo kwa kusimuliwa: mpe chapuo, au mwite mwenzake waliyecheza naye ujanani, nao wataanza wenyewe.

Ukimaliza kazi yako, rudi na nakala. Nyumbani kwa bibi mmoja wa mtaani kwetu wamepita watafiti wengi, na katika kabati lake kuna kitu kimoja tu kilichorudishwa: kaseti ya nyimbo alizoimba alipokuwa bado na nguvu. Redio ya kuichezea iliharibika zamani. Anayeweza kuja na mashine ya kuihamishia kwenye simu za wajukuu zake, tunamkaribisha siku yoyote.